Na Ufagio Mpaka kwa Binti Hamadi

Jamani, nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila anayekuja kuchukua gauni lake anakaa kwenye benchi langu, anasema, "Hebu Somoe, ile ya Mjerumani ilikuwaje?" Nikifika katikati anakumbuka ameacha maharage jikoni, huyo, mbio. Wengine mmesikia habari za msiba bila ya Mjerumani, wengine za Mjerumani bila ya msiba, na yuko mmoja, simtaji, anayetangaza mtaa wetu wote wa Ufukoni kwamba shangazi yangu amebatizwa huko Ruvuma. Hajabatizwa! Nimeiandika yote toka mwanzo. Isomeni, mpeane, na magauni yenu mje myachukue maana yamenijazia nyumba.

Kwa asiyemjua, Shangazi Esha ni dada wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea pamoja na binti yake Zuhura. Zuhura mimba zilikuwa hazikai. Ilipokaa moja ikaanza kuonekana, Shangazi akaweka nadhiri. Mtoto akizaliwa mzima, yeye Esha atakwenda kwa miguu yake mpaka kwenye kaburi la Binti Hamadi, alifagie kwa mkono wake, na ampikie chakula yeyote atakayemkuta pale. Na mpaka ayafanye hayo, hatampakata huyo mjukuu. Nani alimtuma kuongeza hilo la mwisho? Hakuna. Shangazi yangu ndivyo alivyo, hata kwa Mungu hataki aonekane amepunguza.

Binti Hamadi alikuwa mcha Mungu wa zamani sana, bibi wa mabibi zetu. Mji wake umebaki magofu juu ya kilima, kupita Kitaya, mto Ruvuma unaonekana chini. Wazee wetu wakiwa na shida walikuwa wakienda kumzuru.

Selemani akazaliwa, mzima, mnene, sauti kama adhana. Lakini ng'ambo ya mto bunduki zilikuwa bado zinalia, na kule hakwendeki. Basi mtoto akajifunza kukaa, akajifunza kutambaa, na bibi yake anamwangalia tu, mikono ameikalia. Selemani akimtambalia na kumshika upindo wa kanga, Shangazi anainuka anakimbilia jikoni, na mimi nimemkuta huko jikoni analia na hakuna hata kitunguu. Zuhura alimwambia, "Mama, mpakate tu, Mungu ana rehema." Akajibiwa, "Rehema ni zake, ahadi ni yangu." Bunduki ziliponyamaza, hakungoja hata juma lipite.

Ufukoni mpaka Mikindani

Kiongozi wetu alikuwa Bwana Mchopa, yule Mmakonde anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini, sokoni. Kwao ni juu mlimani, na utotoni aliipita njia ya kwa Binti Hamadi na baba yake. Shangazi kwa upande wa mama ni Myao, na mnajua Myao na Mmakonde ni watani. Hatujafika hata mwisho wa nyumba zetu, wameshaanza.

"Mchopa, hivi njia unaijua, au unatafuta mahali pa kutuuza?"

"Nyie Wayao ndio mliokuwa mkituuza sisi, leo zamu yangu. Ila wewe mtani nani akununue? Meno yenyewe hayajai kiganja."

Shangazi alitangulia, ufagio mpya wa chelewa begani. Mimi nilifuata na sufuria kichwani, ndani mchele, nazi na udi. Mchopa alikuwa nyuma na mkeka na mzigo wa nguo. Sasa tazameni wenyewe picha hiyo: mama mtu mzima na ufagio wake, binti na sufuria yake, mwanamume anawafuata amebeba nguo na mdomo haumnyamazi. Dereva wa lori akasimama. Akateremka, akampita Shangazi kwa adabu, akamwendea Mchopa.

"We bwana huoni haya? Mkeo anahama na ufagio mkononi, umemfanya nini?"

Mtu mwingine angekanusha. Mchopa akainamisha kichwa. "Nimemkosea, kaka. Nambembeleza tangu Ufukoni, hataki hata kunitazama."

"Ebo!" alisema Shangazi. "Mume wangu mimi, huyu?"

"Unaona, kaka? Amenikana mbele za watu."

Dereva maskini akamgeukia Shangazi, mikono ameifumbata. "Mama, nakuomba, msamehe. Panda gari niwarudishe nyumbani, mkazungumze."

"Sirudi! Na gari sipandi. Nakwenda kwa miguu yangu mpaka Ruvuma."

Dereva alimtazama Mchopa kwa huruma kubwa. "Bwana, huyu umemuudhi kweli." Akatupa mkate wake na embe tatu, akaondoka anatikisa kichwa. Sisi tulicheka mpaka sufuria ikanianguka, na bado tuna nusu ya safari ya siku hiyo. Mikindani tulilala kwa somo wa Shangazi, akatupikia kamba wa nazi, nikala mpaka nikaona haya. Kama mnataka habari za miguu yangu siku hiyo, sina, bado ilikuwa mizima.

Kupanda

Mlima ule una hila. Nyuma ya Mikindani unaanza kupanda hujui kama unapanda, unasema mbona rahisi, mara unasikia pumzi zako mwenyewe zinakujibu. Minazi ikaisha, mikorosho ikaanza, nayo ilikuwa imezaa, mabibo mekundu na ya manjano chini kila mahali. Mimi na akili zangu za mjini nikala la kwanza, la pili, la tano, maji yake yakanichuruzika kwenye gauni nililolishona kwa ajili ya safari. Utomvu wa bibo hautoki kwa sabuni wala kwa dua. Aliyenisifia hilo ua la kahawia kifuani juzi, mpenzi, si ua.

Mchopa ukimwuliza umbali anaelekeza kwa midomo na kusema, "Hapo tu." Asubuhi ilikuwa hapo tu, adhuhuri hapo tu. Shangazi akamwambia akisikia hapo tu nyingine atamfagia yeye kwanza. Alikuwa anatweta, lakini kila tukikaa kupumzika yeye ndiye wa kwanza kuinuka. "Twende," anasema, "mtoto anakua."

Jioni tulipokewa kwenye nyumba ya mama mmoja, mkarimu sana. Tukaomba maji ya kutawadha. Akaleta kata moja, akanipa mimi kwanza. Nikanawa mikono, uso, halafu, Somoe mimi, nikajimwagia yote miguuni kuondoa vumbi. Mchanga ukayanywa papo hapo. Nyumba nzima ikanitazama. Yule mama hakukasirika, alisema tu, "Maji hayo, mwanangu, yamepanda jabali juu ya kichwa changu." Huko juu hakuna kisima wala mto, wanawake huteremka bondeni kuyafuata.

Shangazi alinitazama jicho hilo mnalolijua. Asubuhi nikashuka bondeni na yule mama, nikapanda na debe langu kichwani, nikafika nusu iko kwenye debe na nusu kwenye gauni. Wanawake wa kule walinicheka njia nzima, nami nikawa nacheka nao, maana ukikasirika debe linamwagika zaidi. Ndiyo sababu tulichelewa kuondoka siku ile, na tungeondoka mapema msiba ungetupita.

Msibani

Mzee mmoja alikuwa amefariki kwenye kijiji kilichofuata. Sisi tulitaka kutoa pole na kupita. Mchopa, mdomo wake huo, akawaambia wenyeji, "Nimewaletea Myao." Lo! Nyuso zikang'aa. Kwenye msiba ule mtani hakuwapo hata mmoja, na maziko bila mtani yanapooza. Mkubwa wa ukoo akaja mwenyewe kumwomba Shangazi afanye kazi yake.

"Lakini mimi marehemu simjui," alisema Shangazi.

"Hakujui wewe pia," Mchopa akajibu.

Shangazi akaenda kumnong'oneza mjane, kikongwe amejiinamia: alikuwaje marehemu, anatembeaje, anapenda nini? Mjane akamweleza. Wanaume walipoinua jeneza kutoka mlangoni, wakamkuta Shangazi amekaa kizingitini, amevaa kofia ya marehemu, miguu ameinyoosha, ufagio wetu wa nadhiri ameukumbatia.

"Hapiti mtu!" alisema. "Huyu bwana aliniahidi kunioa. Anataka kwenda wapi? Kwanza anijibu."

Waombolezaji wakapasuka kwa kicheko. Mtoto mmoja wa marehemu akaja kumbembeleza, Shangazi akainuka, akaanza kutembea kama marehemu, goti moja halikunjiki, anatema mate kila hatua na kulalamika ugali haujaiva. Mjane aliinua kichwa. Alicheka, wallahi, alicheka na machozi yanamtiririka, anapiga paja na kusema, "Ndiye! Ndiye huyo!" Nimeshona sanda nyingi maishani, sijawahi kuona mfiwa akifarijiwa vile.

Ili jeneza lipite ilibidi wampe mtani kitu. Wakampa jogoo. Kwa hiyo tulitoka pale tukiwa wanne, jogoo chini ya kwapa la Mchopa, naye tukampa jina la Bwana Harusi.

Kwa Nampunju

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipopotea na hakuna aliyejua.

Njia ya kwa Binti Hamadi Mchopa aliikariri hivi: unateremka mlima, unafika kwa Nampunju, kwa Nampunju unakata kushoto, unakwenda mpaka uone mawe. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Kesho yake tuliteremka, Shangazi akiwa ameketi kwa makalio penye utelezi, anaapa, anacheka. Chini tukakuta kijiji kipya kabisa, nyumba zimepangwa mstari mnyoofu kandokando ya barabara, makuti bado ya kijani. Mchopa akauliza, "Kwa Nampunju ni wapi?" Akaonyeshwa. Nampunju mwenyewe akatoka, akamtambua kwa sura ya baba yake, wakakumbatiana. Tukapewa ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho, kitamu nikaramba vidole. Nampunju ni mtu wa adabu, hakutuuliza tunakokwenda. Tukaaga.

Mchopa akatoka nje ya uzio, akajishika kiuno, akakata kushoto.

Mnacheka? Subirini. Watu wote wale walikuwa wamehamishwa, vijiji vya zamani vimevunjwa, kila mtu kaletwa barabarani. Nampunju alihama na nyumba yake, jina lake na uzio wake. Kushoto kwake ndiko hakukuhama naye.

Jiko la Mjerumani

Tulikwenda kushoto, na kweli, tukaona mawe. Kuta nene za mawe na chokaa, mizizi imezikumbatia, na kwenye ukuta mmoja kishubaka kilichoingia ndani, juu kimepindwa upinde mzuri. Mchopa akavua viatu. "Kibla hicho," alinong'ona, "na lile lundo la mawe ndilo kaburi." Shangazi alipiga magoti palepale, analia, akabusu ardhi.

Alifagia. Jamani, alifagia! Hakutaka nimguse. Palikuwa na majani ya miaka, mavi ya popo, viota, akavitoa vyote kwa mkono wake, kanga ameifunga kiunoni, jasho linamdondoka. Akafukiza udi. Mchopa akatusalisha alasiri mbele ya kile kibla. Mimi katikati ya sala niliona kitu hakikai sawa, maana alasiri nikisali kwetu jua hunipiga shavu la kushoto, na siku ile lilikuwa linanichoma la kulia. Nikasema labda safari imenizungusha kichwa.

Ikabaki kumlisha yeyote tutakayemkuta, na tulikuwa hatujamkuta mtu. Shangazi akapika wali wote wa nazi, Mchopa akamchinja Bwana Harusi. Harufu ile iliwaleta wanawake waliokuwa wakipita na madebe ya maji. Shangazi aliwaandalia kama maharusi, anawapakulia mwenyewe, "Kula mwanangu, kula," mpaka sufuria ikawa nyeupe. Halafu akajilaza kwenye mkeka, miguu imevimba mfano wa mihogo, amefumba macho anatabasamu.

Nikakusanya vyombo na mwanamke aliyekuwa mkubwa wao. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi nyie mmetumwa na serikali?"

"Kwa nini?"

"Tumewaona mnafagia. Tukasema labda kampeni ya usafi imefika mpaka kwa Mjerumani."

Nikaweka sufuria chini. "Mjerumani gani?"

Akanieleza taratibu, anaondoa wali kwenye meno. Zamani hapo palikuwa na Mjerumani na mashamba ya pamba. Bibi yake alikuwa mpishi wake. Ghala lilikuwa kule, nyumba pale. Na hicho kishubaka cha ukutani?

"Hilo jiko. Juu yake lilikuwapo bomba la moshi."

"Mbona hamkutwambia tulipokuwa tunasali?"

"Mtu husali popote, mama," alisema. "Halafu mkatukaribisha wali."

Kwa Binti Hamadi, akaniambia, ni kushoto kwa Nampunju wa zamani, si wa sasa. Kesho twende Kitaya, tuupite, tupande kilima. Wakatushukuru, wakajitwika madebe yao, wakaenda zao wakiimba.

Mchopa nilipomwambia alikaa chini kama mtu aliyekatwa. Baadaye akasema, "Dada Somoe, tunyamaze. Mungu anaangalia nia. Mtazame miguu yake." Nikamtazama Shangazi, nikaona Mchopa ana haki. Aliyaona makosa nani? Kesho turudi, apakate mjukuu wake, tumalize.

Nikamwendea nimsaidie kulala vizuri, nikamkuta ameshakaa. Amekunja kanga yake ya pili donge, ameiweka mapajani, mkono mmoja chini ya kichwa cha mtoto asiyekuwapo, anaipima hivi, anaigeuza vile. Aliponiona akaona haya. "Nimesahau," alisema. "Toka Zuhura sijapakata. Najifunza tena nisimwangushe."

Sikuweza. Nilijua siku moja angesikia, dunia hii haifichi, na akisikia kila alipompakata pangegeuka uchungu. Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Aligeuka. Akatazama ukuta. "Jiko?"

"Jiko, Shangazi."

"Nimelia mbele ya jiko?"

"Umelia."

"Nikalifukizia udi? Nikalibusia ardhi yake?" Mdomo ukaanza kumtetemeka, nikasema sasa analia. Hapana. Kilitoka kicheko ambacho sijui alikuwa amekihifadhi wapi. "Mchopa we! Mchopa! Umenisalisha kwenye jiko la Mjerumani! Wallahi nimemfagilia Mjerumani, naye hata ahsante hanipi!" Akaanguka ubavu, anapiga mkeka. Mchopa akaja na uso wa kuomba radhi, akamtazama, naye akashindwa, wakawa wanashikana mabega kama walevi. Nami nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, ndege wakahama kwenye ile miti.

Kicheko kilipokwisha, Shangazi alijifuta macho, akauliza, "Mchele umebaki?"

"Hata punje, Shangazi."

"Na jogoo?"

"Mifupa."

Akatazama miguu yake kitambo. "Basi tutajua hukohuko," alisema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. Niliogopa. Kurudi mjini tukachukue mchele mwingine kwa miguu ile hakungewezekana, na kufika bila chakula ni kufika na nadhiri nusu.

Kwa Binti Hamadi

Tulimfunga miguu kwa vitambaa vya kanga ya zamani. Kitaya tuliupita watu wakiwa mashambani, mto upo kando yetu mpana na wa udongo, na ng'ambo ile ambayo miaka yote tuliiogopa inaonekana na moshi wa watu wanaopika. Kilima hakikuwa kirefu. Shangazi alikipanda kwa kumshika Mchopa bega, na safari hiyo watani hawakutaniana.

Juu kulikuwa na msikiti usio na paa, kibla chake safari hii nilikipima kwa jua kabla ya kumwamini mtu. Kando yake kaburi la mawe, na mbele yake sakafu pana ya chokaa, ngumu, nyeupe. Pote, kaburini na sakafuni, pasafi. Hapakuwa na jani. Palikuwa na makopa ya muhogo, yameanikwa sakafu nzima.

"Nani?" Shangazi alipiga kelele. "Nani ameanika makopa kwa Binti Hamadi?"

Akatokea mwanamke nyuma ya ukuta, msalaba wa mti shingoni, ufagio mkononi, watoto wanamchungulia. "Kalibuni," alisema. Aliitwa Filomena. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, alivuka mto na watoto wakati wa vita, na kwanza walijificha ndani ya kuta zile. Hofu ilipopungua akajenga kibanda chini ya kilima, lakini sakafu ngumu ya kuanikia hakuna nyingine. "Kila asubuhi nafagia kaburi lake kwanza," alisema, "namwambia, Bibi, niazime sakafu yako. Hajawahi kuninyima."

Hasira ya Shangazi haikupata pa kukaa. Jua lilikuwa kali, akayumba. Filomena akamkamata, akamkalisha kivulini, akammwagia maji kichwani na kumwosha miguu. Hayo ndiyo maji, enyi watangazaji! Mchopa ndiye aliyeita huo ubatizo, kwa utani wake, nanyi mkabeba mpaka sokoni.

Alipopata nguvu, Shangazi alimweleza Filomena nadhiri yote, na Selemani, na kanga anayoikimbiza jikoni. Filomena alisikiliza. Akalitazama kaburi, akamtazama Shangazi.

"Sasa mama, utafagia nini?"

Mchopa akainama kutafuta hata unyasi mmoja. Shangazi alishika ufagio wake kwa mikono miwili, na kidevu kikaanza kumcheza, na safari hiyo haikuwa kicheko.

Filomena akainuka. Akazoa makopa yake yote kwenye kikapu. Akaenda chini ya mikorosho, akarudi na kumbatio la majani makavu, akayamwaga juu ya kaburi. Akarudi kuchukua mengine. Watoto wake walitoa macho, maana kila siku wanachapwa wakiangusha hata ganda pale. Akawaambia kitu kwa Kimakonde. Mtume! Walivyoruka! Wakawa wanaleta majani kwa nguo, kwa vikapu, wanarushiana, wanayamwaga kaburini na kupiga vigelegele. Mchopa naye, mzee mzima, akaingia. Nami nikaingia, nikarusha majani mpaka nywele zikajaa, nikasahau nina umri gani.

"Basi!" alilia Shangazi. "Basi, mtaniua!" Na akaanza kufagia, anacheka na kulia, jani moja moja, mpaka kaburi likarudi jeupe.

Ikabaki chakula. Akafungua kanga yake mpya ya juu, akampa Filomena. "Nipe makopa."

"Mgeni hanipi nguo kwa makopa, mama. Chukua tu."

"Ukinipa bure utakuwa umenilisha wewe. Mimi ndiye nakulisha. Pokea, mwanangu, usinirudishe nusu."

Filomena akaipokea, akajifunga palepale. Shangazi akatwanga, akasonga ugali, watoto wakachuma kisamvu, na tuliyemkuta pale akala, pamoja na watoto wake wote, kwa mkono wa Shangazi Esha. Filomena alijifanyia ishara yake ya msalaba, Shangazi akasema bismillahi yake, na Mchopa akamwibia mtani wake tonge la mwisho.

Nyumbani

Tulirudi na lori la magunia ya korosho kutoka Kitaya. Nikamwuliza Shangazi, je, nadhiri? Akasema aliahidi kwenda kwa miguu, kurudi hakukutaja, na Mungu anasikia vizuri. Alilala njia nzima juu ya magunia, kinywa wazi.

Tulifika Ufukoni mchana. Zuhura alitupokea mlangoni na kidole mdomoni. "Taratibu, Mama. Meno yanamsumbua, hakulala tangu jana. Ndiyo kwanza amesinzia."

Nyote mnamjua Shangazi kwa hilo. Mtoto akilala, mtaa mzima unatembea kwa ncha za vidole. Yeye ndiye aliyemfukuza muuza samaki kwa sababu ya baragumu lake, na mimi alinizuia kushona alasiri nzima kwa sababu ya kelele za cherehani.

Alinawa mikono mpaka viwikoni. Akaingia chumbani na miguu yake ile ya vitambaa, sisi nyuma yake. Selemani amelala chali, ngumi mbili juu ya kichwa. Shangazi alimtazama, akainama, akapenyeza mkono mmoja chini ya kichwa na mwingine chini ya makalio, akamwinua.

Selemani akafumbua macho. Akauona uso ambao maisha yake yote ulikuwa unamkimbia, na akapiga ukelele uliotoa watu majumbani. Akajinyonga, akamsukuma kifua, akamnyooshea mama yake mikono. Zuhura akasogea ampokee.

"Thubutu!" alisema Shangazi. "Mwache alie. Analilia mikononi mwangu."